Kazi Mbovu ya Bodi ya Gari Ina Bei Yake, na Inaweza Kupimwa

Magomvi mengi ya gereji hapa Nakuru hufuata mkondo mmoja. Mwenye gari anafika jioni kulichukua gari lake, rangi inang'aa, analipa salio na kuondoka. Kesho yake, jua likiwaka, anaona mlango wa nyuma una weupe wake na fenda ina weupe mwingine. Mvua zikishapita, vipovu vinaibuka kwenye ukingo wa chini wa mlango. Anarudi kwa fundi na neno moja: nirudishie pesa zangu. Fundi naye ana lake: leta gari nikurekebishie. Hapo maneno yanakwama, na mara nyingi ndiyo mwisho wa habari. Mmoja anabaki na gari lenye mabaka, mwingine anapoteza mteja na jina.

Wote wawili huanzia mahali pasipofaa. Anayetaka kila shilingi irudi anasahau kwamba huenda sehemu kubwa ya kazi ilifanywa sawasawa. Anayeahidi kurekebisha bila kusema atarekebisha nini, lini, na kwa rangi ipi, anataka aaminiwe tena kwa kazi ileile iliyomshinda. Fidia ya haki ina kipimo, nacho ni gharama ya kulifikisha gari pale mlipokubaliana lifike, kazi ikifanywa na mtu anayeiweza. Mengine, yaani nauli, siku za biashara zilizopotea na thamani iliyoshuka, huja baada ya hapo na kila moja hudai ushahidi wake.

Lakini huwezi kupima hasara ambayo hujaielewa, na kasoro za bodi hazilingani uzito.

Iliyo nyepesi ni rangi isiyooana. Magari mengi tunayoendesha huku yalitumika kwanza Japani, na kila moja lina kibao kidogo cha chuma, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, chenye namba ya rangi yake. Kwenye Toyota, namba 040 ni nyeupe ya kawaida. Namba 070 ni nyeupe ya lulu, ambayo hupigwa kwa hatua tatu: rangi ya msingi, kisha tabaka la lulu, kisha lakka ya juu. Fundi akichukua kopo la rangi nyeupe bila kusoma kibao hicho, gari la 070 halitarudi kuwa lilivyokuwa hata akipiga mara kumi. Kasoro hii inaudhi na inashusha bei ya gari sokoni, ila haimuumizi mtu. Vivyo hivyo na vumbi lililonasa ndani ya rangi, jambo la kawaida Nakuru kati ya Januari na Machi kwa anayepiga rangi kwenye uwanja usio na kuta.

Ya pili ni fila. Fila ilitengenezwa kujaza vibonyeo vidogo vinavyobaki baada ya bati kunyooshwa, na unene wake kwa kawaida haupaswi kuzidi milimita tatu hivi. Anayelipua kazi hanyooshi bati. Anaacha bonde lilivyo, analijaza fila, anapiga msasa, anafunika kwa rangi. Siku ya kulichukua gari huoni kitu. Baadaye fila inapata nyufa, au inabanduka kipande kizima ukifunga mlango kwa nguvu. Tena fila hunyonya maji. Ikipakwa juu ya kutu, au ikisuguliwa kwa maji na kufunikwa kabla haijakauka, unyevu unafungiwa ndani na bati linaanza kuliwa kutoka chini. Kisumu, ambako hewa ya ziwa ina unyevu na jua ni kali, mambo mawili hukutana: kutu inasukuma kutoka ndani, na lakka iliyopigwa nyembamba inabambuka kutoka nje. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hutosha kugundua fila nene, kwa kuwa haishiki pale ambapo bati liko mbali.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa, na ndiyo isiyolalamikiwa sana kwa kuwa haionekani. Gari lililogongwa vibaya huumia kwenye chasisi na nguzo, mahali palipobuniwa kubeba nguvu ya ajali ili isiwafikie walio ndani. Vyuma hivi katika magari ya miaka ya karibuni ni vya aina ngumu ambayo hupoteza ugumu wake ikichomwa kwa gesi hadi iwe nyekundu. Anayevipasha moto na kuvinyoosha kwa nyundo anarudisha umbo, nguvu hairudi. Dalili zake ni tairi zinazolika upande mmoja hata baada ya kufanyiwa alainmenti, yaani kunyooshewa mwelekeo wa magurudumu, mlango usiofunga bila kusukumwa, nafasi kati ya boneti na fenda iliyo pana mbele na nyembamba nyuma. Kwa kasoro ya aina hii sikubali hata kidogo mazungumzo ya kupunguziana bei. Gari hilo litateremka Salgaa, mteremko unaojulikana kwa ajali, likiwa na watoto ndani. Dai hapa ni gharama yote ya kulitengeneza upya, na kama halitengenezeki, ni thamani ya gari lenyewe kabla ya kazi hiyo mbovu.

Ukishajua ubovu, swali linalofuata ni nani wa kudaiwa, na hapa uwanja wa jua kali, yaani gereji za wazi za mafundi wadogo, una utata wake. Kuna mwenye kiwanja anayekusanya kodi. Kuna aliyekupokea, akakagua gari na kutaja bei. Kuna anayenyoosha, kuna anayepiga msasa, na kuna wa rangi anayeitwa kutoka uwanja mwingine na kompresa yake. Kazi ikiharibika kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole: bati halikunyooka, rangi ilinunuliwa ya bei ya chini, mteja alikuwa na haraka. Jibu la kisheria ni rahisi kuliko kelele zenyewe. Aliyepatana nawe na kupokea pesa zako ndiye unayemdai. Wale aliowaita kumsaidia ni watu wake, naye atajuana nao. Kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha pesa zilienda kwa nani una uzito kuliko mashahidi watano wa pale kiwanjani.

Sheria yenyewe imemsimamia mteja kwa uwazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikafuata, na ndani yake kuna sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari. Inataka mteja apewe makadirio kabla ya kazi. Inakataza kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa mmekubaliana upya. Inampa mteja haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa kwenye gari lake. Inaweka dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, kinachotangulia, kwa vipuri vipya au vilivyofufuliwa na kwa kazi ya kuvifunga. Na kumwambia mteja kwamba kipuri ni kipya wakati kilitolewa kwenye gari jingine ni udanganyifu mbele ya sheria hiyo.

Angalia dhamana hiyo vizuri, maana watu huitegemea mahali isipohusika. Inahusu kipuri na kazi ya kukifunga. Bampa lililofungwa vibaya na kuanguka njiani Gilgil liko ndani yake. Rangi inayobambuka mwezi wa tano ina njia nyingine: wajibu wa jumla kwamba huduma yoyote inayouzwa iwe ya ubora unaofaa. Wajibu huo haujifungi kwenye siku 90. Fundi anayesema miezi mitatu imepita na hana la kujibu kuhusu vipovu vya kutu anajificha nyuma ya kifungu kisichomhusu.

Sasa tuhesabu. Tuseme mwalimu wa Njoro aligongwa ubavuni. Walipatana shilingi 60,000 kunyoosha milango miwili na fenda ya nyuma na kupiga rangi. Amelipa 50,000 na bado anadaiwa 10,000. Fila imebanduka na rangi haioani. Gereji nyingine, baada ya kuangalia, imeandika kwamba kubandua yote, kunyoosha na kupiga rangi ipasavyo ni 42,000. Je, anadai ngapi? Wengi watasema 50,000 alizolipa. Wengine watasema 92,000, alizolipa na atakazolipa. Hesabu ya haki ni 32,000. Kazi nzuri ingemgharimu 60,000 hata hivyo. Akilipa 42,000 kwa fundi wa pili, jumla yake itakuwa 92,000, na tofauti kati ya 92,000 na 60,000 ndiyo hasara aliyosababishiwa. Zile 10,000 za salio zimeshahesabiwa humo, hivyo hatazilipa tena.

Hesabu hii inawauma wote wawili, na ndiyo maana naiamini. Inamzuia mwalimu kupata milango mizuri bure. Inamzuia fundi kusema atarudisha elfu tano za rangi na yaishe.

Kuna mambo ya kutoa kwenye hesabu. Kama makadirio ya gereji ya pili yameingiza bampa la mbele ambalo halikuwa kwenye mapatano ya kwanza, bampa litoke. Kama fundi wa kwanza alisema milango imeoza na inafaa kubadilishwa, na mteja akamwambia ajaze fila tu kwa kuwa mfuko hauruhusu, mteja hawezi leo kudai bei ya milango. Kama mteja mwenyewe alinunua rangi ya kopo dukani na kuileta, udhaifu wa rangi hiyo ni wake, ingawa kazi ya kuipiga ni ya fundi. Bei ya chini haimwondolei mtu wajibu wa kufanya kazi inayofaa, lakini alichoahidi kwa bei hiyo ndicho anachopimiwa.

Na kuna ya kuongeza. Dereva wa teksi aliyekaa siku sita bila gari wakati wa marekebisho ya pili ana haki ya kipato cha siku hizo, ila ni kile kinachobaki baada ya kutoa mafuta na gharama nyingine alizookoa. Aonyeshe daftari au rekodi za simu za wiki zilizotangulia. Nauli za matatu ziwe na tarehe. Anayesema gari limeshuka thamani alete ripoti ya mthamini, na AA Kenya, chama cha wenye magari, ina huduma hiyo, kwa maana hakuna atakayekubali takwimu iliyotajwa kwa uchungu wa moyo. Ripoti ya mkaguzi huru ina kazi nyingine kubwa zaidi: inaeleza chanzo cha ubovu. Bila hiyo ni neno lako dhidi ya la fundi, naye ataapa kwamba ulilikwangua gari mwenyewe kwenye kona za soko.

Kabla ya kwenda kwa fundi wa pili, wa kwanza apewe nafasi? Mara nyingi, ndiyo. Anayedai hupaswa kujitahidi kupunguza hasara yake, na fundi akiwa tayari kurudia kazi kwa gharama yake, kumkataa bila sababu kunalidhoofisha dai. Ila nafasi hiyo iwe na masharti yaliyoandikwa, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp: mlango gani, fila yote ibanduliwe hadi bati lionekane, picha zitumwe kabla ya kufunika, rangi ichanganywe kwa namba ya kibao, gari liwe tayari Ijumaa ya tarehe fulani. Akikubali na kutimiza, mmemalizana. Kwa maoni yangu hakuna anayelazimika kulirudisha gari mikononi mwa mtu aliyechoma chasisi kwa gesi, au aliyeuza kipuri cha zamani kama kipya, au aliyeshindwa mara mbili. Hapo imani imekwisha na sababu ya kukataa inaonekana wazi.

Salio nalo huleta vita. Mteja anaona kasoro akiwa bado gerejini, anakataa kulipa, fundi anakataa kutoa ufunguo. Fundi ana haki ya kulishikilia gari alilolifanyia kazi mpaka alipwe, na haki hiyo hupotea akiliachilia. Hana ruhusa ya kuliuza kimyakimya. Sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, inaruhusu kuuza baada ya hatua na notisi zilizowekwa, nayo iliandikwa kwa ajili ya mali iliyotelekezwa. Ushauri wangu kwa mwenye gari anayelihitaji gari lake kesho asubuhi ni kulipa na kuandika papo hapo kwamba amelipa ili achukue gari na hajaikubali kazi, akitaja kasoro anazoziona. Maneno mawili matatu kwenye simu, yenye saa na tarehe, yanalinda dai lote. Anayelipa kimya na kusema asante anampa fundi ushahidi mzuri.

Polisi hawahusiki na rangi mbovu. Wanahusika iwapo betri yako mpya imetolewa na kuwekwa iliyokufa, kwa sababu huo ni wizi. Kumpeleka fundi kituoni ili atishwe alipe deni la mapatano ni kutumia mlango usio wake, na kesi ya namna hiyo huporomoka.

Wenye bima kamili wana njia tofauti kidogo. Kampuni ya bima inapochagua kutengeneza gari badala ya kulipa pesa, na ikalipeleka kwenye gereji iliyo kwenye orodha yake, inabeba wajibu wa kuhakikisha limetengenezwa ipasavyo. Usikubali kuzungushwa kati ya gereji na ofisi ya bima. Shida kubwa ni ile karatasi ya kuridhika unayoombwa kutia sahihi siku ya kulichukua gari. Watu huitia sahihi wakiwa wameegemea kaunta, gari likiwa nyuma ya jengo. Liangalie kwanza nje, mchana, likiwa limeoshwa na kukauka. Omba mkadiriaji aliyelikagua mwanzo alikague tena, na orodha yake ya kwanza iwe mkononi, maana ilitaja vipuri vya kubadilishwa na unaweza kuona kama fenda iliyoandikwa kubadilishwa ilinyooshwa tu. Wakikataa kukusikia, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko. Walio na bima ya mtu wa tatu pekee hawana mlango huo kwa gari lao wenyewe, na ndio wanaojaza viwanja vya jua kali kutoka hapa hadi Bungoma.

Mazungumzo yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, kazi ilianza Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na sasa iko Nakuru na Kisumu pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya huduma na ya uharibifu wa mali, na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60 tangu yawasilishwe. Haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, hivyo picha za simu, ujumbe wa M-Pesa, makadirio ya gereji ya pili na kipande cha fila kilichobanduka vinaweza kuwekwa mezani. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa masuala ya sheria pekee. Kwa madai ya mikataba mtu ana miaka 6, ila kila mwezi unaopita unampa fundi nafasi ya kusema kutu ilianza baadaye. Sioni sababu ya mwalimu wetu wa Njoro kuogopa mahakama hii kwa shilingi 32,000.

Sababu ya kufikiri mara mbili ni nyingine: kushinda na kulipwa ni mambo mawili. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakinga vyombo vya kazi ambavyo mtu anavihitaji kwa riziki yake visikamatwe kulipia deni, na mafundi wengi mali yao ni nyundo, mashine ya kuchomelea na kompresa. Nakubaliana na kinga hiyo kwa moyo wote. Ukimnyang'anya fundi nyundo, hakuna atakayelipwa, wewe wala watoto wake. Kwa hiyo fundi anayekubali kulipa 4,000 kila mwezi kwa miezi minane, kwa maandishi, mbele ya mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili, amekupa kitu cha thamani kuliko hukumu isiyo na cha kukamata. Katiba yenyewe, kwenye Kifungu cha 159, inataka upatanisho uhimizwe. Mwenyekiti wa uwanja wa jua kali akiwa mtu wa haki anaweza kumaliza kwa alasiri moja jambo ambalo lingekula miezi miwili.

Niseme na hili, kwa sababu naona linaachwa. Bei tunazowashinikiza mafundi wakubali zina mchango wake. Rangi za 2K zina kemikali ya kugandishia ambayo mvuke wake huharibu mapafu na huweza kumtia mtu pumu ya maisha, na kinga yake ni barakoa maalum na chumba chenye hewa inayotoka. Pita uwanja wowote wa Kibuye, Kisumu, au viunga vya Nakuru uone vijana wakipiga rangi hiyo wakiwa wamejifunga leso puani. Mteja anapokata bei ya 60,000 hadi 25,000, zile 35,000 haziyeyuki. Zinatolewa kwenye unene wa lakka, kwenye saa za kunyoosha, na kwenye pumzi ya kijana huyo. Cha rahisi ghali, wazee walisema, na gharama nyingine hailipwi na mwenye gari. Hilo halimpi fundi ruhusa ya kulipua kazi. Akiona bei haitoshi kazi nzuri, aseme, na aandike kile kinachoweza kufanyika kwa pesa hizo.

Kuandika ndiko kunakokosekana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano mengi ya bodi hapa kwetu ni maneno mawili, nyoosha upige rangi, na kwa maneno hayo hakuna mwamuzi anayeweza kujua kama fila ya milimita tano ni kuvunja ahadi au ni kuitimiza. Karatasi moja ingetosha: sehemu zitakazoguswa, kila moja ikisema inanyooshwa au inabadilishwa, kipuri ni kipya au cha kutumika, namba ya rangi na aina yake, bei, siku ya kumaliza, na muda ambao fundi anasimama nyuma ya kazi yake. Picha nne za gari kabla halijaguswa. Fundi aliye mzuri hapotezi kitu kwa karatasi hii, kwani inamlinda dhidi ya mteja anayedai kwamba taa iliyopasuka tangu mwanzo imepasukia gerejini.

Sheria ya 2012 inataka makadirio, lakini hakuna anayepita gerejini kuuliza yako wapi. Serikali za kaunti ndizo zinazotoa vibali vya biashara, na kila gereji yenye jina, Nakuru, Kisumu au Kakamega, hulipia kibali hicho kila mwaka. Kaunti zifanye kitabu cha makadirio chenye nakala mbili kuwa sharti la kupewa kibali. Zitambue pia vyeti vya majaribio ya ufundi vya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa wanyooshaji na wapiga rangi, kwa kumpunguzia ada mwenye gereji anayeajiri waliofuzu. Wengi wana ujuzi wa miaka mingi walioupata kwa kufanya na hawajawahi kukaa mtihani, na ada ya mtihani ni kikwazo ambacho kaunti inaweza kukiondoa kuliko kumwachia kijana wa Kaptembwo akibebe peke yake.

Ada za vibali hupangwa kwenye muswada wa fedha wa kaunti, ambao huletwa kila mwaka na ambao bunge la kaunti haliwezi kuupitisha bila kuwasikiliza wakazi. Vikao hivyo hujaa wafanyabiashara wanaolalamikia ada zimepanda, na hilo ni haki yao. Wenye magari hawaonekani. Safari hii waende, pamoja na mafundi wanaojua kazi yao, wakiwa na pendekezo la kitabu cha makadirio lililoandikwa kwa ukurasa mmoja na kutiwa sahihi na pande zote mbili.